Kinga ya mama inakumbuka ugonjwa: je, dripu itafuta kumbukumbu hiyo?

SWALI

Shikamoo mshauri,

Mama yangu ana miaka 54, tunaishi Tanga. Huu ni mwaka wa saba anaumwa baridi yabisi, ile ya kinga kujishambulia ambayo madaktari wanaiita rumatoidi. Vipimo vya RF na anti-CCP, vya damu vinavyoonyesha ugonjwa huo, ni chanya kwa kiwango cha juu. Anameza methotreksati miligramu 20 mara moja kwa wiki, kila Jumapili, na foliki asidi siku ya Jumanne. Kila siku anatumia haidroksiklorokwini, prednisoloni miligramu 10, na amlodipini ya presha. Bado asubuhi anakaa zaidi ya saa moja kabla vidole havijakunjika. Kifundo cha mkono wa kulia ndicho kinachomsumbua zaidi: kinapoa, kisha uvimbe unarudi palepale. Mara mbili alipata nafuu akapunguza dawa, na mara zote mbili ugonjwa ulirudi ndani ya miezi michache.

Sasa daktari amependekeza rituksimabu, dripu mbili za miligramu 1,000, zikipishana siku 14. Anasema dawa hiyo inaondoa seli B, aina ya seli nyeupe za kinga, zikiwamo zile za kumbukumbu. Dawa tutainunua wenyewe Dar es Salaam na kuileta kwa basi, dripu ya kwanza ni Jumatatu ijayo. Picha ya kifua imetoka safi na kipimo cha homa ya ini B (HBsAg) ni hasi.

Kwa nini ugonjwa unarudi kila akipunguza dawa? Kama kumbukumbu ya kinga inaondolewa, je, kinga yake ya surua na pepopunda itapotea? Kaka yangu aliyeko Muscat ametutumia habari za Wajerumani wanaotibu kwa seli zilizobadilishwa na kuianzisha kinga upya, anasema tusubiri hiyo. Jirani naye ameleta dawa ya mitishamba ya kupandisha kinga. Tushike lipi?

Binti mwenye wasiwasi, Tanga

JIBU

Marahaba, binti yetu. Mpe mama pole nyingi. Tuanze na lile ambalo haliwezi kungoja.

Kipimo cha homa ya ini B mlichofanya ni nusu ya kipimo. HBsAg inaonyesha kama virusi vimo kwenye damu sasa hivi. Haionyeshi kama mama aliwahi kuambukizwa zamani, pengine utotoni, akapona bila hata kujua. Watu wa umri wake walizaliwa kabla chanjo ya homa ya ini B haijaingia kwenye ratiba ya watoto, na ugonjwa wenyewe umeenea katika ukanda wetu, kwa hiyo uwezekano huo ni wa kweli kabisa. Kinachoonyesha maambukizi ya zamani ni kipimo kinachoitwa anti-HBc. Ombeni ile ya jumla, inayopima pamoja kingamwili (protini za damu za kupambana na maradhi) za aina mbili, IgM na IgG. Mkipewa ya IgM peke yake, itaonyesha maambukizi mapya tu na mtarudi nyumbani na "hasi" isiyo na maana.

Sababu ya kulikazania hili ni hii. Mtu aliyepona homa ya ini B hajaviondoa virusi vyote. Nakala za vinasaba vyake hubaki zimejificha ndani ya seli za ini kwa maisha yote, na kinachozizuia zisiamke ni kinga, zikiwamo seli B za kumbukumbu zinazokifahamu kirusi hicho. Rituksimabu haichagui kumbukumbu nzuri na mbaya. Ikiziondoa zile zinazoshambulia viungo, inaziondoa pia zile zinazolilinda ini. Virusi vinaweza kuamka miezi mingi baada ya dripu, wakati hakuna tena anayelifikiria ini, na kuna wagonjwa waliopoteza maisha kwa njia hiyo. Onyo hilo limewekwa ndani ya kisanduku mwanzoni kabisa mwa maelezo ya dawa.

HBsAg na anti-HBc zikiwa hasi zote mbili, njia ni nyeupe, na chanjo ya homa ya ini B ianze mapema. Anti-HBc ikiwa chanya, mama hajanyimwa dripu. Atapimwa wingi wa DNA ya kirusi, kisha ataanza dawa ya kukizuia, tenofoviri au entekaviri, kabla ya dripu, na kuendelea nayo kwa miezi 12 hadi 18 baada ya dripu ya mwisho. Hata akishaiacha, ini liendelee kupimwa kwa mwaka mwingine. Tenofoviri ni dawa inayofahamika hapa kwetu kwa sababu imo kwenye vidonge vya VVU, kwa hiyo mweleze mama mapema asije akashtuka kuiona. Na VVU vyenyewe apimwe kwanza: tenofoviri peke yake kwa mtu mwenye VVU asiyejijua huzaa usugu.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya chanjo tutakazozitaja, maoni yetu ni kwamba mumwombe daktari aisogeze dripu kwa wiki nne. Viungo vinauma, tunajua, lakini rumatoidi ya namna uliyoieleza si ya dharura ya wiki hii.

Sasa hiyo kumbukumbu. Kinga ikishakutana na adui huacha seli zinazomkumbuka ili safari nyingine ijibu haraka. Katika ugonjwa wa mama, kosa ni kwamba kinga imejifunza kuviona viungo vyake mwenyewe kuwa adui, na somo hilo likahifadhiwa kwa utaratibu uleule. Methotreksati na prednisoloni hutuliza vurugu lakini hazilifuti somo. Akipunguza dozi, seli zilizokuwa zimenyamazishwa zinaamka na kuanza kugawanyika. Kwa hiyo mama hakukosea chakula wala hakurogwa. Dawa zilikuwa zimeushika ugonjwa, akaulegezea.

Kumbukumbu hiyo haikai mahali pamoja. Kuna seli B za kumbukumbu zinazozunguka kwenye damu na kutulia kwenye wengu, tezi za limfu na ngozi laini ya ndani ya kiungo. Hizi zina alama ya CD20 juu yake, na rituksimabu huishika alama hiyo. Kuna seli plazma za muda mrefu, ambazo hukaa kwenye uboho wa mifupa na kutoa kingamwili miaka nenda rudi. Hizi zilishaivua alama ya CD20, dawa inazipita bila kuzigusa. Tena kuna seli T za kumbukumbu, aina nyingine ya seli nyeupe za kinga, ambazo baadhi yake huweka makazi ndani ya kiungo chenyewe. Watafiti wa panya wameonyesha kuwa seli T za aina hii, zikishalowea kwenye kiungo kimoja, zinaweza kukiwasha tena kilekile bila kugusa cha jirani. Huenda hilo ndilo linaloeleza kile kifundo cha kulia. Rituksimabu haiziui seli T, kwa hiyo msitarajie kifundo kipoe kwa kasi ileile ya vidole.

Swali lako la surua na pepopunda linajibiwa na zile seli plazma. Kwa kuwa zinabaki, kingamwili za chanjo na za maradhi ya zamani hubaki kwa sehemu kubwa. RF, ambayo ni kingamwili ya ugonjwa wenyewe, ndiyo hushuka, kwa sababu sehemu kubwa yake hutengenezwa na seli za muda mfupi zinazohitaji kujazwa upya kutoka kwa seli B za kumbukumbu. Ukikata chanzo, kisima kinapungua. Jonathan Edwards wa University College London aliwaza hivyo miaka ya mwisho ya 1990, akatangaza matokeo ya wagonjwa watano mwaka 2001, na Marekani ikaruhusu dawa hiyo kwa rumatoidi mwaka 2006. Kabla ya hapo, tangu 1997, ilikuwa dawa ya saratani ya limfoma. Waliokuwa na RF na anti-CCP chanya ndio hunufaika zaidi, na mama yuko kwenye kundi hilo. Jambo jingine la kututia moyo huku kwetu: dawa nyingine za kibiolojia, zile zinazozuia TNF (protini inayochochea uvimbe), huamsha kifua kikuu kilicholala, lakini rituksimabu haina sifa hiyo mbaya. Daktari wenu amechagua vizuri.

Kinachopotea ni uwezo wa kujifunza mapya. Kwa miezi sita au zaidi baada ya dripu, chanjo yoyote itaingia mwilini na kupata majibu hafifu, kwa kuwa seli za kuipokea hazipo. Hizo wiki nne ni za kazi hiyo: achanjwe nimonia ya pneumokoka, mafua, Uviko, na homa ya ini B kama hana kinga. Akichelewa, asubiri miezi sita tangu dripu, achanjwe, kisha zipite wiki nne kabla ya dripu nyingine. Chanjo zenye vijidudu hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, hazimfai hata sasa kwa dawa anazomeza. Akitaka kusafiri kwenda nchi inayodai cheti cha homa ya manjano, aombe barua ya daktari ya kumsamehe.

Kuhusu ununuzi. Dripu moja inahitaji vichupa viwili, kila kimoja miligramu 500 ndani ya mililita 50. Someni boksi: iwe ya kuchanganywa kwa dripu ya mshipani. Ipo nyingine ya miligramu 1,400 katika kichupa kidogo, ni ya kuchoma chini ya ngozi kwa wagonjwa wa limfoma, na haifanyi kazi hii. Dawa iwe angavu, haina rangi au ina unjano hafifu. Ikiwa na ukungu au chembe zinazoelea, rudisheni. Joto lake ni nyuzi 2 hadi 8. Kwenye basi la saa tano sita, makosa ni mawili, na la pili ndilo watu wengi hawalijui. La kwanza ni kuiacha ipate joto. La pili ni kuilaza juu ya barafu ikaganda. Hii ni protini. Ikiganda hushikamana mabonge na haitengenezeki tena, hata kama ikiyeyuka inaonekana safi. Tumieni kibebeo cha baridi chenye vifurushi vya barafu, mkivifunga kwa taulo, na boksi la dawa lisimame katikati bila kugusana navyo. Msiitikise. Mkifika, ikae rafu ya katikati ya friji, mbali na mlango na mbali na sehemu ya kugandishia. Bora zaidi, iombeni hospitali iwatunzie. Msinunue vichupa vinne kwa mpigo kama umeme wa kwenu unakatikakatika. Nunueni viwili, vingine wiki ya dripu ya pili, kampuni ileile, na mwandike namba ya toleo kwenye daftari.

Siku ya dripu, mama asimeze amlodipini asubuhi mpaka daktari aseme, kwa sababu rituksimabu nayo hushusha presha na kawaida ni kuziweka kando dawa za presha saa 12 kabla. Dakika 30 kabla ya kuanza apewe methilprednisoloni miligramu 100 ya mshipani, parasetamoli gramu 1 na piritoni. Vichupa viwili vinaingizwa kwenye mfuko wa maji ya chumvi uliopunguzwa mililita 100, ili jumla iwe mililita 500, yaani miligramu 2 kwa kila mililita. Dripu ya kwanza inaanza kwa mililita 25 kwa saa. Kama wodi haina mashine ya kusukuma na mpira ni ule wa matone 20 kwa mililita, hiyo ni matone 8 tu kwa dakika. Mwendo huo unachosha kuutazama, na ndiyo maana kosa la kawaida ni ndugu au muuguzi kulegeza gurudumu ili wamalize mapema. Msikubali. Kila nusu saa, mama akiwa sawa, inaongezwa mililita 25, hadi mwisho mililita 200 kwa saa. Yote huchukua saa 4 na robo. Ya pili, kama ya kwanza ilipita salama, inaanza na mililita 50, inaongezwa 50 kila nusu saa, inaisha kama saa 3 na robo.

Muwasho wa koo na masikio, baridi ya kutetemeka, kifua kubana: mara nyingi haya huja katika saa mbili za kwanza za dripu ya kwanza, seli nyingi zinapokufa kwa pamoja. Dripu isimamishwe mara moja. Dalili zikiisha, huanzishwa tena kwa nusu ya mwendo uliokuwepo. Kabla hawajaunganisha mpira, ulizeni kwa heshima adrenalini iko wapi. Iwe mezani pale pale, isiwe ya kwenda kutafutwa stoo.

Baada ya hapo, subira. Matokeo huonekana kati ya wiki ya 8 na ya 16. Wiki ya tatu mama akiwa bado anavimba, dawa haijashindwa. Methotreksati iendelee Jumapili ileile, kwa kuwa zikiwa pamoja hufanya kazi vizuri kuliko rituksimabu peke yake. Prednisoloni ipunguzwe polepole na daktari, isikatwe ghafla: baada ya miaka ya kuimeza, tezi zilizo juu ya figo zimezoea kutotengeneza homoni yake, na kuikata humwangusha mtu presha mpaka kuzirai. Kabla ya kila awamu apimwe picha kamili ya damu, ini, na kiwango cha IgG, ambacho hushuka kidogo kidogo awamu zikirudiwa na kuleta nimonia za mara kwa mara. Homa ya nyuzi 38, kikohozi kisichoisha, vidonda mdomoni, macho kuwa ya njano, au kuchanganyikiwa na kushindwa kuongea vizuri: aende hospitali siku hiyohiyo, na aseme mwenyewe kwamba amewekewa rituksimabu, hata kama imepita miezi saba. Muuguzi wa zamu hatalijua hilo kwa kumtazama.

Seli B huanza kurudi kwenye damu baada ya miezi sita hadi tisa. Zinazotoka kwenye uboho ni changa, hazijajifunza kosa. Ila wagonjwa wanaorudiwa na ugonjwa mapema huonekana kuwa na nyingi zenye alama ya CD27, ya kumbukumbu, ambazo zilinusurika ndani ya tishu pale dawa haikufika sawasawa. Ndiyo sababu dripu hurudiwa, kwa kawaida mwezi wa sita, na si kabla ya wiki ya 16. Hapa kuna nafuu ya mfuko: aliyeitikia vizuri awamu ya kwanza mara nyingi hutosheka na nusu yake, miligramu 1,000 mara moja tu, au 500 mara mbili. Muulizeni daktari mwezi huo utakapofika, kwa sababu wengi huandikiwa dozi ileile kwa mazoea.

Habari aliyoituma kaka yako ni ya kweli. Ni kazi ya timu ya Profesa Georg Schett huko Erlangen, Ujerumani. Humchuja mgonjwa seli T zake, maabara ikaziwekea kifaa cha kutambua alama ya CD19 iliyo juu ya seli B, mgonjwa akapewa tiba ya kemo ya fludarabini na saiklofosfamidi kuziandalia nafasi, kisha akarudishiwa. Hizi ni seli hai, hutembea zenyewe hadi ndani ya tezi za limfu ambako rituksimabu hufika kwa shida. Mgonjwa wa kwanza wa lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia, alitangazwa mwaka 2021. Mwaka 2024 walitangaza wagonjwa 15: lupasi 8, uvimbe wa misuli 3, skleroderma (ngozi kukakamaa) 4. Wote waliacha dawa za kushusha kinga, seli B zikarudi kwa wastani wa miezi minne zikiwa changa, na kingamwili za chanjo kwa sehemu kubwa zikabaki. Tunafurahi sana kuandika sentensi hiyo. Lakini angalieni orodha: hakuna wa rumatoidi kati ya hao 15. Wengi walipata homa ya dawa siku za mwanzo, Marekani imeweka onyo juu ya saratani adimu ya seli T baada ya tiba za aina hii, na kwa wagonjwa wa saratani bei ya dawa peke yake huko ni zaidi ya dola 350,000. Wakati mnasubiri, mfupa wa kifundo unaliwa, na ukishaliwa haurudishwi na seli ya aina yoyote. Dripu ya sasa haimfungii mlango wa tiba hiyo baadaye.

Dawa ya jirani msimpe. Kinga ya mama haijapungua nguvu, na mizizi isiyojulikana pamoja na methotreksati hukutana kwenye ini moja. Mshukuruni jirani, muiweke kando.

Kesho asubuhi chukua ile karatasi ya vipimo, andika chini ya HBsAg: anti-HBc ya jumla, VVU, IgG, picha kamili ya damu, ini na figo. Mpelekee daktari aigonge muhuri kabla hamjapanda basi la kwenda kununua dawa.